Risiva inawaka lakini spika kimya: mwongozo kamili wa kutafuta ubovu

Taa inawaka, skrini inaonyesha stesheni, volyumu iko juu, spika kimya. Wengi hapo hapo hushika bisibisi. Kava linafunguliwa, IC (chipu) inafuatwa Kariakoo, transista zinabadilishwa, na risiva inabaki kimya vilevile kwa sababu ubovu haukuwa huko. Mara nyingi ulikuwa kwenye kitufe cha mbele, kwenye waya wa spika, au kwenye rilei (swichi ya ndani inayofungwa kwa umeme) yenye kontakti chafu.

Ukimya wa risiva una aina zake, na kila aina ina mahali pake pa kutafutwa. Jua kwanza yako ni ipi. Bisibisi itafuata kama kuna haja.

Maelezo haya ni ya risiva na amplifaya za sebuleni zenye spika za kuunganisha kwa nyaya, ziwe za stereo au za chaneli 5.1. Hatua ya 1 hadi ya 5 anaweza kuzifanya yeyote, ila kupima soketi kwenye hatua ya 2 nako ni kugusana na umeme unaoua. Kuanzia ya 6 unaingia kwenye umeme unaoua, kwa hiyo soma sehemu ya usalama hata kama una haraka.

## Vifaa vya kuandaa

Kwa kazi ya nje ya kava:

- Simu yenye muziki, pamoja na waya wa kutoka tundu la hedifoni kwenda RCA mbili, nyekundu na nyeupe. Simu ndiyo chanzo unachojua ni kizima. Dekoda na runinga zina mipangilio mingi ya kukupoteza.
- Spika moja ambayo umeshaisikia ikiimba kwenye mashine nyingine.
- Betri moja ya volti 1.5.
- Multimita ya dijitali yenye kipimo cha ohm, volti za AC (kama za ukutani) na DC (kama za betri), na alama ya dayodi. Ya bei ndogo inatosha, ila hakikisha nyaya zake hazijachubuka.
- Sabufa yenye amplifaya yake ndani. Kama huna, jirani anayo.

Kwa kazi ya ndani, ongeza: bisibisi ya nyota, brashi laini kavu, dawa ya kupulizia ya kusafishia kontakti za elektroniki, rezista ya ohm 470 yenye wati 10, fyuzi mpya za kiwango kilekile, holda ya taa na globu ya waya ya wati 60 au 100, kifaa cha kulehemu cha wati 40 hadi 60, waya wa risasi, pampu ya kunyonya risasi, na grisi ya kupitishia joto.

Dawa ya kontakti isibadilishwe na petroli, mafuta ya taa wala mafuta ya kulainisha bawaba. Petroli na mafuta ya taa hula plastiki na kuwaka, mafuta ya bawaba huacha utando unaonasa vumbi, na baada ya miezi michache kelele zinarudi vibaya zaidi.

## Usalama kabla ya lolote

Risiva iliyozimwa kwa rimoti bado ina volti 230 ndani yake. Kuzima ni kuchomoa plagi ukutani.

Hata ikichomolewa, kapasita kubwa za ndani huhifadhi umeme. Risiva nyingi za kawaida zina volti 35 hadi 60 upande wa chanya na kiasi hicho hicho upande wa hasi, yaani kati ya pande mbili unaweza kukutana na volti zaidi ya 100. Usizimalize kwa kugusisha bisibisi: cheche hiyo huunguza njia za bodi na inaweza kuruka usoni. Shika rezista ya ohm 470 kwa plaizi yenye mpini wa plastiki, iguse kwenye miguu miwili ya kapasita kwa nusu dakika, kisha pima. Ukiona chini ya volti 2, endelea.

Fanya kazi ukiwa umevaa viatu vikavu, mkono mmoja ukiwa mbali na mashine kila unapopima ikiwa imewashwa. Na usifanye kazi hii peke yako nyumbani.

## Hatua ya 1: Sikiliza rilei

Zima. Chomoa hedifoni kama ipo. Shusha volyumu hadi mwisho. Washa, kisha nyamaza na usikilize sekunde 3 hadi 8 za kwanza.

Risiva nyingi hutoa mlio mdogo wa "tik" baada ya sekunde hizo. Hiyo ni rilei ya spika ikifunga. Kabla ya kufunga, saketi ya ulinzi huangalia kama kwenye njia ya spika kuna umeme wa DC au mkondo uliozidi. Ikiridhika, inaruhusu. Isiporidhika, rilei haifungi, na spika zako zinapona.

Kwa hiyo mlio huo mdogo unakugawia tatizo mara moja:

Hakuna taa, hakuna lolote. Tatizo ni umeme. Nenda hatua ya 2.

Inawaka, "tik" haisikiki, au inafunga kisha inaachia. Mashine inajilinda. Baadhi huandika PROTECT au PROTECTOR, nyingine hupepesa taa nyekundu au kujizima. Fanya hatua ya 2 haraka, kisha nenda ya 4.

Inawaka, "tik" inasikika vizuri, spika zote kimya. Mara nyingi ni mipangilio, chanzo au sehemu za ndani ambazo sauti hupitia kwanza. Nenda hatua ya 3.

Upande mmoja tu umekufa, au sauti hurudi ukipandisha volyumu ghafla au ukigonga kava. Kontakti chafu au lehemu iliyopasuka. Fanya hatua ya 4 kwanza, kisha nenda ya 7.

Amplifaya chache, hasa za zamani sana na nyingi za sabufa, hazina rilei kabisa. Kwa hizo, ukimya wa "tik" hauna maana yoyote. Anza hatua ya 2 na ufuate mpangilio.

## Hatua ya 2: Umeme unaoingia

Pima volti kwenye soketi yenyewe, ukipitia ekstensheni ileile unayotumia. Umeme wa kawaida ni volti 230, na kati ya 207 na 253 ni salama. Mitaa iliyo mbali na transfoma hushuka sana jioni watu wakiwasha mafriji na pasi. Umeme ukishuka mno, skrini inaweza kuwaka huku rilei ikishindwa kufunga. Ukikuta hivyo, jaribu tena usiku wa manane kabla ya kuituhumu mashine.

Plagi ya miguu mitatu ya bapa ina fyuzi yake ndani. Ifungue, itoe, ipime kwa ohm: nzima husoma karibu na 0. Kwa risiva ya sebuleni weka ya ampia 3 au 5 kulingana na lebo ya mashine. Fyuzi ya 13 huacha waya mwembamba uungue kabla yake yenyewe haijakatika.

Kisha geuza risiva usome lebo ya nyuma. Hapa ndipo mashine nyingi za mtumba hufia. Iliyotengenezwa kwa soko la Japani inataka volti 100. Ya soko la Marekani inataka 120. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo mkubwa kuliko wati zilizoandikwa kwenye lebo, si kibadilisha plagi. Kibadilisha plagi hubadilisha umbo la miguu tu. Volti 230 zinaingia zote. Kama nyuma kuna swichi ya kuchagua volti, hakikisha iko kwenye 220 hadi 240.

Kama ilishachomekwa kwenye 230 ikafa, usibadilishe fyuzi na kujaribu tena kwa kubahatisha. Nenda hatua ya 8 upime transfoma.

*Umefanikiwa ukiona:* taa inawaka na haizimi kwa dakika 5.

## Hatua ya 3: Vitufe na mipangilio inayoua sauti

Usiruke hatua hii kwa sababu inaonekana ya kitoto. Pitia moja baada ya nyingine, ukiwa na simu imechomekwa kwenye tundu la CD au AUX nyuma. Usitumie PHONO, kwa sababu hilo ni la sahani za santuri na linakuza sauti kupita kiasi.

TAPE MONITOR. Kitufe hiki kikiwa kimebonyezwa, risiva inasubiri sauti kutoka kwenye deki ya kaseti. Huna deki, kwa hiyo kila chanzo kinakuwa kimya, redio ikiwemo. Mtoto au kitambaa cha kufutia vumbi kinatosha kukibonyeza.

SPEAKERS A na B. Chagua A kama nyaya zako ziko kwenye A. Baadhi ya mashine huziunganisha A na B kwa mfuatano ukibonyeza zote mbili, kwa hiyo ukiwa na jozi moja tu ya spika, njia inabaki wazi na sauti haitoki kabisa.

MUTE. Ibonyeze kwa rimoti, hata kama skrini haionyeshi.

Tundu la hedifoni. Ndani yake kuna swichi ndogo ya kukata spika. Kutu ikiishika, risiva inaamini hedifoni bado ipo. Ingiza na kutoa plagi ya hedifoni mara 20. Sauti ikikatakata wakati huo, umempata mkosaji.

Vipande vya chuma vyenye umbo la U nyuma. Amplifaya zenye matundu ya PRE OUT (sauti inatoka kabla ya kupewa nguvu) na MAIN IN (inarudi ili ipewe nguvu) huunganishwa na vipande hivi. Kikitoka kimoja, upande mmoja unakufa. Vikitoka viwili, zote. Vingi hupotea wakati wa kuhamisha nyumba. Waya mfupi wa RCA hufanya kazi ileile.

Sauti ya runinga na dekoda. Kama simu inalia lakini runinga hailii, risiva ni nzima. Kwenye mipangilio ya runinga, sauti iende nje na si kwenye spika zake, na aina ya sauti ya dijitali iwe PCM. Risiva ya stereo isiyo na uwezo wa kufasiri Dolby hukaa kimya ikiletewa Dolby kwa waya wa mwanga (optical). Ukitumia HDMI, waya uwe kwenye tundu la runinga lenye maandishi ARC.

Kama bado kimya, chomoa risiva ukutani kwa dakika 30 kisha jaribu tena. Kompyuta ndogo ya ndani hukwama baada ya umeme kukatika na kurudi kwa mshtuko. Kufuta mipangilio yote ni njia ya mwisho ya hatua hii. Vitufe vya kubonyeza hutofautiana kwa kila modeli, kwa hiyo fuata kitabu cha mashine.

*Umefanikiwa ukiona:* muziki wa simu unatoka kwenye spika zote mbili volyumu ikiwa robo.

## Hatua ya 4: Spika na nyaya zake

Zima, chomoa ukutani, kisha toa nyaya zote za spika nyuma ya risiva. Zote, hata za spika ndogo za pembeni. Washa ikiwa uchi hivyo.

Kama sasa rilei inatoa "tik" na maandishi ya ulinzi yametoweka, shukuru: risiva yako ni nzima na shoti iko kwenye waya au spika. Angalia uzi mmoja wa shaba uliochomoza na kugusa tundu la jirani. Ni mwembamba kama unywele lakini unatosha. Angalia pia waya uliopita chini ya mguu wa kochi au uliobanwa na bawaba ya mlango.

Pima kila spika kwa ohm ikiwa imetolewa kwenye risiva, ncha za multimita kwenye mwisho wa waya ili waya nao upimwe:

- Spika ya ohm 8 husoma takriban 5.5 hadi 7.
- Ya ohm 6 husoma 4.5 hadi 5.5.
- Ya ohm 4 husoma 3 hadi 3.8.
- Chini ya ohm 1 ni shoti. Kutosoma kabisa ni waya au koili iliyokatika.

Huna multimita? Gusisha betri ya volti 1.5 kwenye ncha za waya kwa sekunde moja. Spika nzima hutoa "tap" na koni ya besi husogea. Usiiache betri imeshikilia.

Kisha rudisha spika moja moja, kuanzia unayojua ni nzima. Inayofanya mashine ijilinde ndiyo yenye shida. Spika mbili za ohm 4 zilizofungwa pamoja kwenye tundu moja huwa ohm 2, na risiva nyingi za nyumbani haziwezi kuzibeba; zitalia kwa sauti ndogo kisha zitakata ukipandisha.

Kama risiva inajilinda hata bila spika yoyote, ubovu uko ndani. Nenda hatua ya 6.

## Hatua ya 5: Igawe mashine katikati

Amplifaya ina nusu mbili. Ya kwanza huchagua chanzo na kurekebisha volyumu. Ya pili huipa sauti nguvu. Ukijua nusu ipi imekufa, umeokoa kazi na pesa nyingi, na hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka kuliko zote.

Kama nyuma kuna PRE OUT au SUBWOOFER OUT, peleka sauti hiyo kwenye sabufa. Sabufa ikilia, nusu ya kwanza ni nzima. Tafuta kuanzia kwenye amplifaya ya nguvu hadi rilei. Sabufa ikiwa kimya, usiguse transista kubwa. Tatizo liko kwenye vichaguzi, volyumu, au umeme mdogo wa volti 12 au 15 unaolisha sehemu hiyo.

Kama hakuna matundu hayo, tumia hedifoni. Kwenye mashine nyingi za zamani, hedifoni hupata sauti baada ya amplifaya ya nguvu lakini kabla ya rilei. Hedifoni ikilia na spika hazilii, rilei au swichi ya A na B ndiyo mbovu.

Kwa risiva za 5.1 zenye HDMI kuna mahali pa tatu: bodi ya dijitali. Rilei inafunga, skrini iko sawa, lakini kila chanzo ni kimya, hata simu iliyochomekwa kwa RCA. Risiva kadhaa za Onkyo zilizotengenezwa kati ya 2009 na 2012 zinajulikana kwa ubovu wa aina hii kwenye bodi ya HDMI. Chipu hizo haziondolewi kwa kifaa cha kawaida cha kulehemu. Kama dalili zako zinafanana, ishia hapa na umtafute fundi mwenye mashine ya hewa ya moto.

## Hatua ya 6: Fungua na utazame

Chomoa ukutani, subiri dakika 10, toa skrubu, inua kava, kisha maliza umeme wa kapasita kwa rezista kama ilivyoelezwa juu.

Tazama kabla ya kupima. Piga picha kwa simu kila upande. Safisha vumbi kwa brashi kavu; vumbi la Dar lililochanganyika na unyevu wa masika hushika umeme. Tafuta:

- Mende na mavi yao. Hupenda joto la transfoma, na uchafu wao hula njia za shaba. Safisha kwa dawa ya kontakti na pamba za masikioni.
- Kapasita zilizovimba kichwa au kuvuja chini.
- Gundi ya kahawia iliyokauka kati ya miguu ya vipuri. Ilikuwa ya manjano ikiwa mpya. Ikizeeka hupitisha umeme na kula shaba. Ikwangue yote.
- Pete nyeusi nyembamba kuzunguka miguu ya vipuri vizito upande wa lehemu. Huo ni mpasuko. Yeyusha upya ukiongeza risasi kidogo.
- Kebo bapa zilizolegea. Zichomoe na kuzichomeka tena. Kwa wakazi wa Kigamboni, Msasani na Mbezi Beach, hewa ya chumvi huzila miguu hii kwanza.

## Hatua ya 7: Rilei, vichaguzi na volyumu

Rilei ya spika ni boksi dogo karibu na matundu ya spika, mara nyingi ya volti 24, wakati mwingine 12. Kila inapofunga, kontakti zake hupigwa na cheche ndogo. Miaka ikipita zinaota weusi, na sauti ndogo haiwezi kupenya. Ukipandisha volyumu, umeme unapasua weusi huo na sauti inarudi ghafla.

Ithibitishe kwanza. Cheza kwenye simu mlio wa 100 Hz, volyumu chini, spika zikiwa zimetolewa. Weka multimita kwenye AC. Pima upande wa amplifaya wa rilei, halafu upande wa spika. Ukipata volti 1 kabla na 0 baada yake wakati rilei imefunga, ndiyo hiyo. Mlio uwe wa chini hivyo kwa sababu multimita za bei ndogo hazisomi vizuri milio mikali.

Kama boksi lina kava linalofunguka, chomoa umeme, lowesha kipande cha karatasi ngumu kwa dawa ya kontakti, kipitishe kati ya kontakti ukiwa umezibana kidogo, ukivute mara kadhaa hadi kitoke safi. Usitumie msasa: unaondoa utando mwembamba wa fedha na rilei itachafuka tena mapema. Iliyofungwa kabisa ibadilishwe kwa yenye volti zilezile za koili, ampia zisizopungua, na mpangilio uleule wa miguu.

Kwa volyumu na vichaguzi, pulizia dawa kidogo kwenye tundu lake na uzungushe mwanzo hadi mwisho mara 30. Subiri dakika 15 ikauke kabla ya kuwasha.

## Hatua ya 8: Umeme wa ndani

Plagi ikiwa nje, pima fyuzi zote za bodi. Iliyokatika ikiwa na kioo cheusi kama moshi maana yake kuna shoti kubwa mbele; iliyokatika kwa utulivu inaweza kuwa imechoka tu. Usiizungushie waya wa shaba wala karatasi ya sigara. Fyuzi ikiondolewa kazini, kinachofuata kuungua ni transfoma, na hiyo ndiyo sehemu ghali kuliko zote.

Pima koili ya transfoma upande wa ukutani. Transfoma kubwa husoma ohm chache; ile ndogo ya kuamshia mashine husoma mamia. Kutosoma kabisa kwa kawaida ni fyuzi ya joto iliyofichwa ndani ya koili, na hiki ndicho kifo cha kawaida cha mashine ya volti 100 iliyochomekwa kwenye 230.

Sasa tengeneza taa ya majaribio, itakayozuia mkondo usizidi kama kuna shoti. Kwenye ekstensheni fupi, kata waya wa laivu peke yake, kahawia au nyekundu kwa nyaya za zamani, na uunganishe ncha mbili kwenye holda. Weka globu ya waya ya wati 60 kwa amplifaya ndogo, 100 kwa risiva kubwa. Taa ya LED haifai, na pasi ya nguo pia haifai kwa sababu inapitisha mkondo mkubwa mno.

Washa risiva kupitia taa hiyo, bila spika. Globu ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, hakuna shoti kubwa. Ikibaki inang'aa, zima mara moja. Nenda hatua ya 9. Kumbuka kwamba kupitia globu umeme unakuwa pungufu, kwa hiyo rilei inaweza isifunge hata kwa mashine nzima.

Globu ikiwa imefifia, pima kapasita kubwa mbili, ncha nyeusi kwenye tundu hasi la spika. Chanya na hasi ziwe karibu sawa, tofauti isizidi volti 2. Kisha pima vidhibiti vidogo vya volti, vya miguu mitatu: 7815 au 7812 kwa chanya, 7915 au 7912 kwa hasi. Moja ikikosekana, angalia rezista ndogo inayoilisha. Mara nyingi ndiyo iliyokatika.

Onyo: miguu ya 78 na ya 79 haifanani. Kwenye 7815 mguu wa kwanza ni wa kuingia, wa pili ni wa graundi, wa tatu ni wa kutoka. Kwenye 7915 wa kwanza ni wa graundi, wa pili ni wa kuingia, wa tatu ni wa kutoka. Bati la mgongoni la 7915 lina umeme, kwa hiyo lisiguse chuma cha mashine.

## Hatua ya 9: Transista za nguvu

Plagi nje, kapasita tupu, multimita kwenye alama ya dayodi. Pima kila transista kubwa iliyofungwa kwenye bati la kupoozea, kati ya mguu wa kati na wa tatu, kisha geuza ncha za multimita upime tena. Ikilia "piii" au kusoma karibu 0, imepiga shoti. Kati ya beizi (mara nyingi mguu wa kwanza) na emita (wa tatu) nzima husoma 0.5 hadi 0.7.

Ikipatikana moja, usiishie hapo. Pima rezista nyeupe za saruji za ohm 0.22 hadi 0.47, kisha transista za kati zinazoziendesha. Zinakufa kwa mnyororo. Fundi anayebadilisha ile kubwa tu ataiona ikifa tena ndani ya sekunde.

Badilisha kwa jozi, chanya na hasi pamoja. Kuwa mwangalifu dukani: 2SC5200 na 2SA1943 ni miongoni mwa zinazoghushiwa sana, na IC za nguvu za STK vilevile. Bei ikiwa ndogo kupita kiasi, maandishi yakifutika kwa kucha, au uzito ukiwa mwepesi kuliko ya zamani, iache. Rudisha karatasi ya kuzuia umeme na grisi mpya nyembamba nyuma ya kila moja, kisha pima kwamba mguu wa kati haugusi bati.

## Hatua ya 10: Kuwasha baada ya matengenezo

Washa kupitia globu, bila spika. Ikififia, pima DC kati ya rezista nyeupe na tundu hasi la spika. Chini ya milivolti 50 ni vizuri. Hadi 100 inavumilika. Ikisoma volti nyingi, kwa mfano 40, upande mmoja bado una shoti; zima na urudi hatua ya 9.

Ikiwa sawa, ondoa globu, washa moja kwa moja, subiri "tik", pima DC tena kwenye matundu ya spika. Mkondo wa kupumzika (unaopita kwenye transista za nguvu bila muziki) urekebishwe kwa namba za kitabu cha ufundi cha modeli yako. Usizungushe skrubu ndogo za bodini kwa kukisia.

Unganisha kwanza spika ya bei ndogo. Cheza nusu saa kwa sauti ya chini, ukigusa bati la kupoozea baada ya kuzima na kuchomoa: liwe vuguvugu, pande zote mbili zikilingana. Pima DC mara ya mwisho mashine ikiwa ya moto.

Kama umekwama mahali, mpelekee fundi karatasi yenye vipimo ulivyopata: rilei inafunga au haifungi, volti za kapasita mbili, DC ya kila upande, sabufa ililia au haikulia. Mwombe akurudishie vipuri vya zamani alivyotoa.

Ukifunga kava, acha nafasi ya sentimita 10 juu ya risiva. Dekoda ihamie rafu nyingine, na kitambaa cha kufuma kisilale juu ya matundu ya hewa.